Picha Tano Zilizobaki

Nilikuwa natafuta kizibo, si kamera,
nyuma ya mitungi ya plamu chachu,
kabati la chini, lile lenye bawaba moja.
Mkono ukagusa ngozi ya mkoba,
imekakamaa kama kiatu cha marehemu,
nikajua kabla sijautoa.

Kihesabio kimesimama thelathini na moja.
Mkanda ni wa thelathini na sita.
Basi tangu mwaka aliozaliwa Natela
picha tano zimenikalia gizani
kama abiria waliokwisha kata tiketi
na dereva yuko hotelini anakunywa chai.

Dereva ndiye mimi.
Miaka ishirini na saba niliendesha kibanda cha waya
juu ya mto, kutoka sokoni hadi mdomo wa mgodi.
Kengele mara mbili. Breki. Mlango. Shikeni vizuri.
Asubuhi wachimbaji walipanda wamenyoa ndevu,
jioni wakashuka hawana nyuso, vumbi la manganizi tu,
nami katikati ya hewa
nauona mwanga unavyolichezea jabali
na kusema: kesho nitakuja na kamera.
Kesho ikaja na watoto wawili, na foleni ya mkate,
na Shota, aliyeuliza, kwa upole, sikatai,
"Picha za kazi gani, na madirisha hatujayaziba?"

Tukaziba madirisha.

Sasa Shota yuko kilimani chini ya jiwe,
kibanda changu kimefia njiani, kinaning'inia,
na Natela yuko Thesaloniki
anawaogesha wazee wa watu.
Mama, nipigie picha ya mlango wetu.
Si kwa simu. Simu yangu huonyesha kila kitu
kana kwamba hakijawahi kumuumiza mtu.

Ya kwanza, basi, ni mlango.
Magoti kwenye theluji, pumzi nimeibana,
tk,
kumbe kifuniko kingali kwenye lenzi.
Nilicheka peke yangu hadi Guliko akachungulia dirishani:
"Lamzira, umepata wazimu au mchumba?"
Hiyo ndiyo ya pili:
Guliko, nywele nusu zimeviringishwa, nusu zimegoma.
Ya tatu, mlango tena, na macho yake wazi.
Ya nne nilimpa mbwa wa duka la dawa
kwa kuwa alikaa, akatulia, akangoja,
jambo ambalo hapa mtaani si wengi wanaliweza.
Ya tano nilielekeza juu. Sikufikiri.

Tornike husafishia mikanda chooni kwa mama yake.
"Bibi, hizi za zamani zina ukungu," akasema,
akaniwekea karatasi mezani, moja moja,
nami moyo mbio, nikimtafuta Shota mwenye nywele,
mama yangu, walau mkono wa mtu.
Waya.
Waya na anga. Waya na moshi. Waya umekata mwezi.
Picha thelathini na moja, mtu hakuna.
Na ya mwisho, ya Jumanne iliyopita:
waya.

Nikakaa kwenye ukingo wa beseni lake la kuogea.
Msichana yule, mimba ya miezi saba,
kila siku alikuwa anatazama juu,
na sijui kama alikuwa anatoroka
au anapima tu.
Mwaka uliofuata aliajiriwa hukohuko.
Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi.

Mlango umefika Thesaloniki kwa bahasha.
Umeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza.
"Mama, hii nyeusi pale kona ya chini ni nini?"
"Kivuli changu."
"Usikitoe," akasema.
Kwani hutolewaje?

Nimenunua mkanda mpya. Thelathini na sita.
Kamera naiweka karibu na mkate,
mahali mkono unapofika wenyewe.
Guliko anadai ile picha yake niichome moto.
Kesho, nimemwambia, na anajua kesho yangu ilivyo,
ameshaanza kuviringisha nusu ya pili.