Hesabu ya Magamba

Huku Valdivia mvua hainyeshi, imehamia:
ina kiti chake humu baa, karibu na mlango,
na haiagizi kitu.
Eduvina hatumii daftari. Bili huiandika
kwa kalamu, juu ya karatasi iliyotandikwa mezani,
kando ya doa la limau.

Jioni hii Nibaldo, fundi wa injini za feri,
amekula kome, mkate, pilipili ya kusaga,
akashushia bia. Ngapi? Hapo ndipo palipo ugomvi.
Kiwiko chake kilipiga glasi,
povu likatambaa juu ya tarakimu,
saba ikawa wingu,
tisa ikaogelea hadi ukingoni.

"Nne," asema Nibaldo.
"Sita," asema Eduvina, "na ulimi ulivyo mzito ni ushahidi."

Chini ya sakafu ya mbao simba-bahari anakoroma
kama mteja aliyekwisha kulipa.

Basi waanze na kisichofutika: magamba,
moja moja, kwa sauti,
vidole vikinuka kitunguu saumu na dizeli.
Meza ya pili inaacha kula, inahesabu nao.
Thelathini na nane.
Sahani hutoka jikoni na arobaini.

Nibaldo anautazama mto.
"Mawili nilimtupia yule mnene," anakiri.
"Na bia... haya, andika sita."

Eduvina anachana pembe kavu ya karatasi,
anaandika tano.