Herufi za Risasi

Mimi Zelmira Tassinari, mpanga chapa.
Vidole vyangu vilijua kusoma kinyume kabla ya mbele.
Katika karakana ya mzee Nullo, nyuma ya soko la nguruwe,
nilipanga herufi moja moja, risasi ubavuni mwa risasi,
na wino uliponifika kwenye kope
niliuhesabu kuwa wanja.

Mwaka wa kumi na tatu, mgomo wa wapalizi wa mpunga.
Oreste Bondavalli alikuja usiku, hajalala siku tatu,
akasimama nyuma yangu akinisomea:

    *Tabaka litainuka, litavunja minyororo,*
    *Litazoa kila taka, litachoma kila kero.*

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nywele zilinisimama.

Argia, mpalizi, asiyejua a wala be,
alikuwa kizingitini akibandua ruba mguuni kwa chumvi.
"Hizo taka," aliuliza, "atazitaja nani?"
Tulicheka.
Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Vuli iliyofuata, Ulaya imeshawaka,
Oreste alirudi amenyoa ndevu, ana viatu vipya.
Hakuandika upya. Alitwaa karatasi ileile,
akakata neno moja, akaweka jingine:

    *Taifa litainuka*

Nikadhani mstari utapwaya. Haukupwaya.
Silabi tatu zilitoka, silabi tatu zikaingia,
nane kwa nane, kama zilizaliwa humo.
Hata upatanisho haukutikisika:
lita-, lita-, lita-,
buti juu ya mawe.

Nullo alisema, anatania huyu.
Kisha mwanawe, aliyempa jina Ribelle, yaani Muasi,
akaenda kujiandikisha jeshini kabla hajaamshwa.
Muasi alirudi kutoka Karso ndani ya bahasha,
fomu iliyopigwa chapa, nafasi ya jina imejazwa kwa kalamu.
Niliikagua ile kazi; sikuweza kujizuia.
Mistari ilinyooka. Mkono wa fundi.

Watu husema Oreste alituuza.
Kuuza kuna bei na kuna siku.
Huyu aliamini. Hilo ndilo linalonikaba:
aliamini mara zote mbili, kwa jasho lilelile,
mshipa uleule ukimtuna shingoni,
na umati, nusu yake watu walewale,
ukaitikia mahali palepale.

Machipuko ya ishirini na moja walikuja na malori
yaliyojazwa petroli na wenye mashamba.
Mashati meusi. Wengine nilicheza nao utotoni.
Walichoma Nyumba ya Wafanyakazi pamoja na daftari za michango,
wakamshika Argia, wakamnywesha mafuta ya nyonyo, chupa nzima,
mbele ya wanawe,
na walipomwacha barabarani amejichafua
mmoja akamwita kwa lile neno.
Taka.
Mimi ndiye niliyelipanga. Halikuwa na kosa hata moja.

Mtambo wetu hawakuugusa.
Oreste alisimama mlangoni, amenenepa, akasema kwa upole,
"Huu tutauhitaji." Kisha:
"Zelmira, ule ukurasa wa zamani, uliuvunja?"

Sikuwa nimeuvunja.
Miaka minane ulikuwa rafuni, umefungwa uzi,
kwa sababu ulikuwa mzuri.
Usiku ule niliumwaga mferejini, nikaondoka bila koti.
Lakini herufi ni herufi. Anayeziokota atazipanga.

Sasa niko Argenteuil, nafua mashuka ya wageni.
Ninapochoka hujikuta nahesabu silabi za watu sokoni,
nikisikia zinakaribia kulingana
hubeba kikapu changu nikahama meza.

Jumatatu daktari aliniinua mdomo kwa kijiti,
akaona mstari wa buluu kwenye ufizi.
"Bibi, una risasi ndani ya damu."
Nikamuuliza, ya mwaka gani?
Akadhani Kifaransa changu ni kibovu,
akauliza tena, polepole,
nilikuwa nikifanya kazi gani.