Pishi na Kibaba

Jiko limetoka Maskati ndani ya kontena,
limeviringishwa mablanketi kama bibi arusi,
na Bi Mkasi ananipigia kwa simu ya jirani:
"Fundi Rukia, njoo unichomekee."

Kuchomeka, mama, si kazi.
Nimeinama nyuma ya jiko nikasoma kibati:
wati elfu saba.
Nikaandika kwa chaki ukutani,
pembeni mwa hesabu zake za pishi za karafuu,
elfu saba gawa kwa mia mbili na thelathini.
Thelathini, na nukta.
Ampea thelathini zataka kupita
katika nyumba hii ya Limbani
ambayo waya wake wote, nikifungua kisanduku,
ni mwembamba, wa kupitia tundu la kofia.

Aliutandaza marehemu mumewe, Mbwana Haji,
mwaka ule nguzo zilipofika mtaani,
kwa taa tatu na redio.
"Kautia kwa mkono wake," asema. "Usiung'oe."

Chuo cha amali, kule Vitongoji,
mwalimu wetu alitukaririsha kama madrasa:

*Moja na nusu ya taa, mbili na nusu soketi,*
*Nne kwa hita hufaa, sita jiko ni shuruti,*
*Ukizidisha tamaa, waya huyeyuka kati,*
*Moto hauna shufaa, hauulizi wakati.*

Halafu nikaiona breka.
Thelathini na mbili, mpya, inang'aa,
imekaa juu ya waya wa moja na nusu.
"Ile ya zamani ikiruka kila nikipiga pasi,
akaja kijana akanifungia kubwa.
Toka hapo hairuki."

Sikucheka.
Nilimshika mkono nikauweka ukutani.
"Joto la bati hilo," akasema.
Silo.
Breka, mama, hailindi pasi wala friji.
Inaulinda waya uliozikwa humu, usioweza kusema.
Yule kijana kakuajiria mlinzi kiziwi.

Akanyamaza. Akaenda ndani,
akarudi na kopo la bati lililobonyea,
kibaba chake cha soko la Wete,
alichouzia mchele miaka thelathini.
"Kwa hiyo mimi hapa," akasema polepole,
"namimina pishi nzima ndani ya hichi."
Ndiyo.
"Na inayobaki inamwagika."
Haimwagiki, Bi Mkasi. Inawaka.

Nikapima njia kwa miguu:
kutoka kwenye mita hadi banda la uani
hatua ishirini na sita,
chini ya bati linalochemka kaskazi yote.
Umbali nao ni mzigo, na joto ni mzigo juu ya mzigo.
Sita ingetosha kivulini.
Hapa natia kumi.

Mwanawe akapiga kelele kutoka Maskati:
"Kumi? Huyo anakuibia!
Mwambie atie nne, nani atauona?"
Bi Mkasi akaiweka simu chini, uso juu,
inaendelea kusema peke yake,
akafungua fundo la kanga.
"Sikumpunja mtu kibaba hata siku moja," akaniambia.
"Na wewe usinipunje unene."

Siku mbili nimevuta waya mpya kwenye bomba,
mzito, mkaidi, unakataa kona,
vidole vimenivimba.
Pasi na friji nikazipa mbili na nusu yao.
Waya wa Mbwana Haji sikuung'oa.
Niliupima kwanza, ukanijibu vyema, isipokuwa kipande kimoja
karibu na soketi, ngozi imekuwa nyeusi;
hicho nimekikata, nikampa, akakitia mfukoni.
Uliobaki nikauachia taa zake tatu
na breka ndogo ya ampea sita,
yenye masikio.

Alasiri akawasha jiko lote, juu na chini.
Mimi nilikuwa natazama taa ya ukumbini.
Haikupepesa.

Boflo la kwanza likatoka limeungua chini.
Akanifungia kwenye gazeti hivyo hivyo,
akinitazama kwa jicho la kuuliza.

Hilo, mama, si la waya.