Barua ya Alhamisi

Juma la Manama laanza Jumapili,
kengele saa moja kasoro robo, na Misa kubwa ni Ijumaa,
jambo lililomchanganya padri mgeni miezi miwili mizima.
Mimi halikunisumbua. Kiswahili kilishahesabu hivyo zamani:
Ijumaa pumzika, Jumamosi ndiyo mosi,
na ukisonga mbele unakuta tano mbili zimefuatana,
Jumatano na Alhamisi,
mapacha waliogombea jina moja wakapewa wote.
Katika tano ya pili naandika barua ya shule.

Sista Annamma husimama nyuma ya kiti changu na daftari lake.
Kwanza, sala. Pili, ada. Tatu, chupa za maji.
Chupa ni habari ya kila juma:
kumi na saba zimebaki uani, hazina majina.
Wazazi, tafadhali, kalamu ya wino usiofutika.

Darasa la pili A wameotesha dengu kwenye pamba.
La pili B waliotesha pia, lakini kuna mtu amezila.
(Ushahidi ulikuwa kwenye meno. Jina halitajwi.)
Darasa la nne wamesali Salamu Maria kwa lugha sita,
Kikonkani, Kimalayalam, Kitagalogi, nyingine sikuzitambua,
ndipo Sista akanisukuma mgongoni: na wewe, Wakesho.
Nikafika kwenye neema, sauti ikakwama
kama droo ya kabati la chaki.
Langoni Bwana Yaqub alikuwa amezima redio yake.
Nilipomaliza akaiwasha.

Na Jumanne, saa nne na dakika ishirini, ilinyesha.
Dakika tisa; nilizisoma ukutani.
Mwalimu wa hesabu ndiye aliyefungua mlango wa kwanza,
watoto mia nne wakamwagika uani,
ndimi nje, viatu mikononi,
na Sista mwenyewe akatoa kiganja dirishani
akakifumba taratibu kama aliyerudishiwa chenji.
Niandike nini? nikamuuliza.
Andika: masomo yaliendelea kama kawaida.
Nikaandika. Mama mmoja alishapiga simu Jumatano:
soksi za kawaida hazikamuliwi.

Tisa.
Tunamuaga Jovito Rebelo, la tatu B. Tunamtakia heri.
Barua haisemi kampuni ya babake imefungwa,
kibali cha kukaa kinaisha tarehe ishirini,
friji imeuzwa kwa jirani, na kitanda,
wanalala juu ya makatoni yanayongoja kujazwa.
Alikuja ofisini peke yake na kitabu cha papa,
kimechelewa majuma matatu,
na fils mia mbili ndani ya karatasi ya tishu.
Nikamwambia faini imesamehewa.
Akasema: baba amesema tusiondoke na deni.

Basi nikaandika risiti.
Mkono wangu haujawahi kuandika polepole vile,
fils, mia, mbili, tu.
Aliikunja mara nne akaitia kwenye soksi.
Mlangoni akageuka: ile chupa ya bluu yenye papa,
ile ni yangu, nilisahau kusema.

Sista akaniambia nirudie ya tisa.
Nikairudia. Akavua miwani, akaifuta, haikuwa chafu.
Ongeza, akasema, kwamba ndiye aliyekuwa akipiga kengele,
na hakuwahi kuchelewa, hata ile Jumapili ya vumbi
tulipowasha taa asubuhi.
Nikaongeza. Tukavuka mstari wa mwisho wa ukurasa,
ikabidi nipunguze herufi za ada.

Nikashuka uani na jua la saa saba,
nikainama juu ya sanduku la vitu vilivyopotea,
nikanusa maji ya juma zima.
Kisha nikarudi kusahihisha:

Jumla ya wanafunzi: mia nne na kumi na moja.
Chupa zisizo na wenyewe: kumi na sita.
Kengele ya Jumapili: atatafutwa mtu.