Jeni Isiyo na Kazi

Utrecht, Novemba. Mvua hainyeshi, inaning'inia tu
kama shuka lisilotaka kukauka.
Nafunga baiskeli kwenye chuma cha daraja, napanda ghorofa ya nne,
navua pete, navaa glavu juu ya glavu.

Korona hii si ya watu. Ni ya panya,
huwaingia maini, ikayatia mabaka meupe
kama nyama iliyomwagiwa chumvi.
Ina uzi mmoja wa herufi elfu thelathini na kitu,
na humo, mbali na jeni ya mwiba ambayo kila mtu huisoma,
mna kipande kifupi. Hakina hata jina. Namba tu.

"Kikate," alisema Profesa Brechtje Oldenhuis. "Tuone."

Nikakikata.

Sahanini virusi vikastawi. Seli zikagandana,
zikayeyukiana, zikatoboka kama soksi ya mwanafunzi.
Siku ya kwanza, ya pili: hesabu ile ile na ya virusi kamili.
Brechtje akaandika daftarini kwa penseli: jeni haina kazi.
Nami nikamkumbuka mjomba Sietse, kwetu Friesland,
miaka kumi na mmoja kwenye kona ya jiko
akimenya viazi, na wageni wakinong'ona,
huyu hapa anafanya nini?

Kisha panya.
Ruben Kartosen ndiye anayewalisha. Huwapa majina ya wachezaji
wa timu yake iliyoshuka daraja.
Kumi tuliwapa virusi kamili, kumi vilivyokatwa.
Kufikia siku ya tano, wale kumi wa kwanza wamejikunyata pembeni,
manyoya wima, maji hawayataki.
Wenzao walikimbia kwenye gurudumu usiku kucha
hata Ruben akalalamikia kelele.

Husemwa mdharau mwiba, mguu huota tende.
Mwiba sisi tuliuheshimu. Ulikuwepo, mkali vilevile,
uliufungua mlango wa seli vilevile.
Lakini ndani ya ini kuna mlinzi mwenye kengele,
na kile kifupi, kile cha namba,
kazi yake yote ilikuwa kumziba mlinzi mdomo.
Sahanini hakuna mlinzi. Sahanini
mvivu na mchapakazi huhesabiwa sawa.

"Na hawa wazima?" Ruben aliuliza.
Nao pia, nikasema. Lazima tuyaone maini.
Akaniletea mmoja mmoja, bila kutaja majina.
Maini laini, mekundu, hayana doa.

Brechtje ameyafuta maneno yake kwa kifutio;
ukiulaza ukurasa chini ya taa, bado yanasomeka.
Nimeshuka. Tandiko la baiskeli limelowa.
Nampigia mama simu, nimesimama pale pale darajani, namwuliza:
usiku, baba akirudi, mjomba Sietse alikuwa akifanya nini?

Kimya. Naisikia saa ya ukutani ya jikoni kwake.
"Nani," anasema, "nani amekuambia?"