Mtoto wa Jicho

Macho ya mama mkwe yalipoingia ukungu
alikabidhiwa kuku.
Hakuna aliyetamka. Ilitokea tu,
kama kigoda kinavyotokea kuwa cha mtu fulani.

Mbeho binti Malogo, wa Mvumi,
mgongo ukutani, upande wenye kivuli hadi saa nne,
fimbo ya mkole mapajani,
akisikiliza.

Sisi wenye macho tulijua kuku analia.
Yeye alijua analia nini.

Sauti ndefu, nyembamba, bawaba isiyotiwa mafuta:
"Juu! Mwewe!"
na kabla hatujainua shingo
vifaranga wamekwisha kumezwa na uvungu wa kihenge.

Sauti ya kukatakata, ya mtu aliyedhulumiwa chenji:
"Chini. Nguchiro, kwenye mabua ya uwele. Wawili."
Nikatoka na jiwe, nikawakuta watatu.
Tulimcheka hadi jioni.
"Wa tatu hakukanyaga," alisema, akatema mate.

Kicheche peke yake ndiye aliyemshinda.
Kicheche kuku hawamtangazi; gizani huganda tu, wakingoja zamu.
Nyumba yetu ni tembe, na kuku jike aliyekomaa ni tembe,
na usiku ule wa kifuku, ukuta ukiwa laini kama uji,
alitoboa tembe ili ampate tembe.
Saba. Hakula hata mmoja.
Shingo tu, na uvundo uliokaa nguoni wiki nzima.

Asubuhi aliwapapasa mmoja mmoja, akiwataja:
Kishingo. Mama Karanga. Yule mchokozi wa Chilongani.
"Mwewe ana watoto," alisema.
"Huyu ana ugonjwa."

Kisha wakaja watu wa macho, na kurunzi.
Wakasema: mtoto wa jicho.
Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.
"Nimezaa saba, nimezika wawili.
Huyu wa nane kaingia lini?"

Jumamosi Chilongani akaenda mnadani,
matetea tisa na jogoo kwenye usukani wa baiskeli,
miguu juu, midomo wazi,
wakiitazama Ugogo yote kichwa chini.
Mwewe, kwa miaka mitatu,
hakufikisha hesabu ile.

Alirudi na chupa ya matone, na miwani myeusi.
Alitazama mikono yake, akairudisha kwenye kanga
kama kitu cha mtu mwingine.
Alinitazama mimi, niliyeolewa humu miaka minane.
"Kumbe una mwanya," alisema. "Mbona hukuniambia?"

Kesho yake akakaa mahali pake.
Kiangazi, mbingu imefagiliwa, hakuna hata utando.
Mtetea akalia: sauti ndefu, nyembamba.

Tukangoja.

Mama mkwe alikuwa amesimama.
Fimbo chini, miwani chini, kiganja juu ya nyusi.
Mwewe alizunguka mara moja, hakupiga bawa,
akiupinda ule mkia wenye panda
kama mtu anayekata kona na hana haraka.
Jua lilimpenya manyoya, yakawa rangi ya asali.
Akazunguka tena, chini zaidi.
Kisha akajiachia.

Kifaranga mmoja, yule wa madoadoa.
Akapaa naye kuelekea kwenye majabali,
mtetea akitukana nyuma yake, mbawa wazi, hadi kwa jirani.

"Bibi!" Nyemo alilia, "mbona hukusema?"

Hakumjibu mara moja. Bado alikuwa huko juu.
Machozi yalimtiririka; alisema ni dawa.
"Nilimjua kwa sauti tu," alisema.
"Sikujua kwamba anakuja akiwa mzuri hivi."

Siku hizi, akilinda, hufumba macho.
Lakini mara moja moja hufumbua moja,
lile la kulia.
Namwona.