Saa Tisa na Dakika Arobaini

Nilitoka Newcastle kabla taka hazijazolewa,
kiti cha abiria kimebeba mkate wa kumimina.
Nikaufunga mkanda, maana gari lilipiga kelele
likidhani mkate ni mtu.

Miaka kumi na mmoja kiti kile kilikuwa changu.
Ramani nilishika mimi, usukani alishika Haroub;
nikisema kushoto, alikata kulia,
na tukipotea, aliyepotea ni mimi.
Sasa yuko Leicester na redio yake,
nami nina leseni ya miezi mitatu
na likizo ya siku nne kutoka wodini.

Hakuna anayejua niko wapi.
Nililitamka hilo kwa sauti, pale Amble, kwenye taa nyekundu.
Taa ikawa kijani.

Craster nikanunua samaki wa moshi,
gari likanuka jiko la shangazi hadi usiku.
Njia ikabana. Trekta mbele yangu, maili sita nzima,
nikatukana, nikachoka kutukana,
nikaanza kuona: sungura, kuta za mawe,
kanisa lisilo na paa,
na bahari ikichungulia kati ya nyumba na nyumba
kama mtoto anayengoja kuitwa.

Somo hilo lilikuwa la bure. La pili nililipia.

Kuna barabara iendayo kisiwa cha Lindisfarne
ambayo bahari huiazima mara mbili kwa siku.
Ubaoni wameandika: salama hadi 15:40.
Nikasema moyoni, kwa lugha ya mama,
saa tisa na dakika arobaini,
nikavuka, nikala supu, nikalala juu ya nyasi.
Nilipoamka, saa ya gari ilisema tano,
nayo saa ya gari ni Mwingereza.
Tano, tisa: muda tele!
Kila lugha ilisema kweli.
Nilikosea mimi niliyezikutanisha.

Nikafika ukingoni. Barabara ilishuka majini
kama mtu anayekwenda kuoga, bila kugeuka nyuma.
Nguzo zilisimama hadi kiunoni.

Mimi! Mtoto wa Bi Chumu, mchokoa pweza wa Makangale,
aliyeijua bamvua kwa kuutazama mwezi
na hakuwa na saa hata ya ukutani.
Nimefungiwa na maji kama mtalii.

Kando yangu, ndani ya gari la posta,
mama mmoja alikuwa akifuma soksi.
Elspeth, alisema. Kila Alhamisi hujichelewesha makusudi;
nyumbani kuna watu saba na bafu moja.
Mwezi jana, akasema, lilizama gari la bwana harusi.
Hakunicheka. Aliuliza tu kama nina kisu,
maana mkate ule alikuwa ameshauona.

Tulikula. Upepo ulikata masikio.
Kwenye fungu la mchanga sili waliimba,
sauti ya wagonjwa wangu wa zamu ya usiku,
wasioita mtu, wanaopima tu kama sauti bado ipo.
Nikajikuta namtafuta wa kumlaumu.
Nikageukia kiti cha abiria:
makombo, na mkanda umefungwa.

Basi nikakaa. Saa tatu na ushei hivi
(usiniulize za nani)
nguzo zilianza kurefuka,
mstari mweupe ukatoka majini kipande kipande,
na Elspeth akaniashiria: tangulia wewe.

Sikuwasha ramani. Nilishusha kioo.
Mwani ulipasuka chini ya matairi, pa, pa, pa,
mbingu bado ina mwanga, ndio Juni yao,
na mikono yangu miwili usukanini
ilinuka samaki na iliki.

Njia panda ya barabara kuu:
kushoto Newcastle, kitanda, nguo za kufua;
kulia Uskoti, nisikomjua mtu.
Nyuma yangu gari la posta lilingoja, halikupiga honi.

Nikasema "kushoto," kwa sauti, kama zamani.

Nikakata kulia.